Jinsi ramani ya nyumba inavyofichua mabadiliko ya familia Pwani

WAHENGA walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo huwaonya watu wasihukumu jambo kwa sura yake, lakini hata ikichukuliwa neno kwa neno ina ukweli mkubwa. Mahali jiko lilipowekwa, njia anayopitia mgeni na chumba anacholala nyanya ni mambo yanayoeleza maisha ya familia kuliko rangi ya kuta.

Katika Pwani ya Kenya, aina tatu za nyumba zimefuatana, na kila moja iliwajengea watu waliokuwa na maana tofauti ya neno familia.

Ya kwanza ni nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo haziwezi kubeba uzito kwa upana unaozidi takriban mita tatu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vikipangwa kimoja nyuma ya kingine.

Mpangilio huo ulifaa familia iliyothamini sitara. Mgeni wa kiume aliishia dakani, kwenye viti vya mawe mbele ya mlango, au katika sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makao ya wenyeji. Aliyeruhusiwa kuingia alipita tekani, ujia uliopinda ili mpita njia asione ndani. Kisha kulikuwa na kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu misana, na mwisho ndani, sehemu ya siri ya wenye nyumba. Jiko mara nyingi lilikuwa juu kabisa, ili moshi na harufu visiwasumbue walio chini.

Kadhalika, nyumba hiyo iliongezeka kadiri familia ilivyokua. Miongoni mwa waungwana wa Lamu, ilikuwa desturi baba kumpa binti yake makao anapoolewa, aghalabu kwa kujenga ghorofa juu ya ile ya wazazi au nyumba jirani. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wikio, daraja lililovuka kichochoro, liliunganisha nyumba za ndugu na kuwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka barabarani.

Hata hivyo, fahari hiyo ilitegemea jasho la watumwa, ambao walilazwa katika vyumba vya chini pamoja na bidhaa. Utumwa ulipofutwa kisheria nchini mwaka 1907, familia nyingi zilikosa mikono na mapato ya kuzitunza nyumba kubwa kama hizo.

Aina ya pili ni nyumba ya Kiswahili ya mitaa ya Majengo. Hii ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma kwenye jiko, kisima au mfereji, na choo. Ramani hii haikujengewa ukoo mmoja pekee. Mwenye nyumba angeweza kukalia vyumba viwili na kukodisha vinne kwa wageni waliofuata kazi za bandari na reli. Mjane aliyemiliki nyumba ya aina hiyo hakukosa riziki. Mombasa ilizaa hata utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki jengo huku akimlipia mwingine kodi ya kiwanja.

Uani ndipo wapangaji wa makabila mbalimbali walipopikia, wakaleleana watoto na kujifunza lugha. Mlango wa chumba ulikuwa mpaka wa familia, lakini malezi yalikuwa ya wote.

Wakati huo huo, serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi wa mijini vyumba vya mtu mmoja, ikichukulia kwamba mke na watoto watabaki mashambani. Ni mwaka 1954 ambapo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza Mwafrika alipwe mshahara wa kutosha kukimu familia mjini.

Aina ya tatu ni fleti. Takwimu zinaeleza kwa nini imeshamiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke nchini Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia utafiti wa afya wa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 3.4. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaya moja ilikuwa na watu 3.9 kwa wastani, kutoka 4.2 mwaka 2009.

Katika fleti, sebule imechukua nafasi ya baraza, ukumbi na uani kwa pamoja. Jiko, ambalo wakati wa kuni na makaa lililazimika kukaa nje, limeingia ndani kwa sababu ya gesi, na mara nyingi hakuna ukuta kati yake na sebule. Mgeni humwona mpishi, na mume hana kisingizio cha kutojua sufuria iko wapi. Wazazi wana choo chao. Harusi na matanga, yaliyokuwa yakifanyiwa nyumbani, sasa hutafutiwa kumbi na mahema.

Mirathi nayo inaharakisha mabadiliko haya. Chini ya sheria ya Kiislamu, nyumba ya marehemu hugawanywa kwa warithi kwa mafungu maalumu: mjane mwenye watoto hupata thumuni, na mwana hupata maradufu ya binti. Baada ya vizazi viwili, nyumba moja huweza kuwa na wenyewe ishirini. Vyumba sita havigawanyiki kwa ishirini, pesa hugawanyika. Hivyo huuzwa, ikabomolewa, ghorofa zikapanda. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, inayomwezesha mwenye fleti kupata hatimiliki yake, inatoa njia nyingine: warithi kujenga upya na kila mmoja kubaki na sehemu yake.

Anayeumia zaidi katika mageuzi haya ni mzee. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 57, inampa haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Lakini fleti ya vyumba viwili katika ghorofa ya nne, isiyo na lifti, haina mahali pa kumweka bibi mwenye magoti mabovu. Akiletwa, hulala na wajukuu. Akitaka kupunga hewa, hana baraza ya kukalia.

Kwa hivyo, wanaochora ramani na wanaonunua wana swali la kujibu kabla msingi haujachimbwa: pamoja na kuhesabu watoto watakaozaliwa, je, wamewahesabu wazazi watakaozeeka? Chumba kimoja cha chini, chenye choo karibu na mlango mpana, hugharimu kidogo kikipangwa mapema. Kikisahauliwa, familia hulipa kwa kutengana.