Gitaa Isiyosikika Sana

Muulize kijana yeyote anayejifunza gitaa anataka kupiga nini. Atajibu: solo! Nani anataka kubaki nyuma, kupiga akompanyema usiku mzima? Basi leo tuangalie mtu mmoja wa Marekani aliyeshika kazi ile ya nyuma karibu miaka 50.

Freddie Green aliingia katika orkestra ya jazz ya Count Basie mwaka 1937, akaitumikia mpaka kufa kwake mwaka 1987. Basie mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1984. Kwa miaka ile yote Green alipiga solo mara chache sana. Tena gitaa yake haikuwa ya umeme, na ilizungukwa na tarumbeta, tromboni na saksofoni. Sasa ilisaidia nini?

Sikieni namna wanne waligawanya kazi. Walter Page alitembeza kontrabasi, sauti nne kwa kila kipimo. Green alipiga akordi kwa hatua zile zile, fupi na kavu. Jo Jones, mpiga batri, hakutwanga ngoma kubwa kama wengine walivyozoea. Mwendo aliuweka juu ya matoazi mawili ya mguu, na hivi kontrabasi ikapata nafasi. Basie naye alitia sauti chache tu za piano, hapa na pale. Aliweza kunyamaza sababu wenzake watatu walishika mwendo. Kila mmoja alipunguza kitu, mwenzake akasikika. Na Lester Young aliposimama na saksofoni yake kupiga solo, aliruka juu bila woga, sababu chini hapakuyumba.

Mwaka 1957 orkestra ilirekodi “Li'l Darlin'”, kazi ya Neal Hefti, polepole sana. Page na Jones walikuwa wamekwisha kutoka, lakini Green alikuwa bado pale. Musifikiri polepole ni rahisi. Kukimbia pamoja kunaficha makosa; lakini watu 16 kutembea polepole, bila mmoja kutangulia ao kuchelewa, hapo ndipo inaonekana kama wanasikilizana kweli.

Vijana, mukipata kusikia muziki ule, acheni tarumbeta kwanza, tafuteni akordi zile ndogo. Halafu siku ya mazoezi mujiulize: kati yetu, nani atapunguza sauti yake kidogo ili mwenzake asikike?