Daftari la Mto Elwha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo, ndugu askari na polisi, twapenda kuwaeleza habari za watu ambao daftari lao ni la samaki. Kazi yao haina bunduki wala gwaride, lakini yafanana sana na zamu ya ulinzi.

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, uko mto uitwao Elwha, wenye urefu wa kilomita 72 hivi. Watoka katika milima ya theluji na kumwaga maji yake baharini. Humo huzaliwa samoni, samaki ambaye maziwa na mito yetu haimjui. Angali mdogo hushuka baharini, hukaa huko akikua na kunenepa, kisha huurudia mto ule ule aliozaliwa ili atage mayai. Akiisha kutaga hufa, na mzoga wake huwalisha wanyama, ndege, hata miti ya ukingoni.

Wenyeji wa hapo, kabila la Waklallam, waliishi kwa samaki huyo tangu kale, na mkataba wa mwaka 1855 uliwahifadhia haki ya kumvua. Lakini kuanzia mwaka 1910 likajengwa bwawa la umeme, kiasi cha kilomita 8 tu kutoka baharini. Mwaka 1927 likakamilika la pili, lenye kimo cha mita 64. Sheria ya jimbo ilitaka kila bwawa liwe na njia ya kupitia samaki. Sheria hiyo haikutiiwa. Kila mwaka samoni walipanda kutoka baharini, wakakuta ukuta, wakakoma hapo. Zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito vyake zikakosa samoni kwa karibu miaka 100.

Baada ya madai ya miaka mingi, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1992 ya kuurudishia mto uhai wake. Ubomoaji ulianza Septemba 2011. Bwawa la chini liliondolewa mwaka 2012, na la juu likamalizika mwaka 2014. Huenda msomaji akadhani kwamba habari imekwisha hapo. La hasha! Kubomoa kulichukua miaka 3. Kuulinda na kuupima mto kumechukua miaka mingi zaidi, na kila majira yana kazi yake.

Majira ya kuchipua, vifaranga vya samoni hushuka baharini. Watafiti huweka mtoni mtego uelekao, wenye pipa lizungushwalo na nguvu ya maji. Vifaranga huingia, huhesabiwa, hupimwa urefu, kisha huachiliwa waendelee na safari. Majira ya joto watu huvaa miwani ya majini na mrija wa kupumulia, hujipanga mstari mmoja kukata mto, kisha hushuka pamoja na mkondo, kila mmoja akihesabu samaki wa upande wake. Atokaye mstarini huharibu hesabu ya wote.

Vuli ndiyo majira magumu kuliko yote. Mvua hunyesha, na maji ya theluji huganda mifupa. Watu hutembea ndani ya mto kwa suruali za mpira zifikazo kifuani, wakitafuta viota ambavyo samoni jike huchimba kwa mkia katika changarawe. Kila kiota huandikwa na kutiwa alama, kisije kikahesabiwa mara mbili. Mizoga nayo huokotwa, na magamba yake kuchukuliwa, kwani yana pete zionyeshazo umri wa samaki kama zilivyo pete za mti.

Pamoja na kuhesabu, mto hutengenezwa. Zamani magogo yaliyoanguka katika mito ya nchi ile yalihesabiwa kuwa takataka, yakaondolewa. Siku hizi yajulikana kwamba gogo hupunguza kasi ya maji, huzuia changarawe, na kumpatia kifaranga mahali pa kujificha. Kwa hiyo kabila la Waklallam limejenga marundo ya magogo mtoni kwa makusudi, na penye matope yaliyoachwa na mabwawa imepandwa miche kwa maelfu.

Faida ya daftari ilionekana upesi. Palipokuwa bwawa la juu, miamba mikubwa ilikuwa imeanguka na kuziba njia ya samaki. Machoni pa mtu apitaye mto ulikuwa wazi. Kumbe samoni walikwama. Mwaka 2015 miamba hiyo ikapasuliwa kwa baruti.

Na jambo lililo zito kuliko yote ni hili. Tangu 2011 uvuvi wa samoni mtoni humo ulipigwa marufuku, hata kwa wenyeji wenye haki ya mkataba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifikia umri wa miaka 12 kabla ya kuona watu wake wakivua tena, kwani ni mwaka 2023 ndipo Waklallam waliporuhusiwa kuvua kwa kiasi aina moja, iitwayo koho, kwa chakula na kwa sherehe zao. Kilichofungua mlango huo ni hesabu. Kama mhesabuji angeongeza tarakimu ili awafurahishe wakubwa, samaki wangevuliwa kabla ya wakati wakaisha. Kama angepunguza kwa uvivu wa kuingia katika maji baridi, watu wangenyimwa haki yao bila sababu.

Ndugu askari, nanyi polisi, ninyi mwaijua zamu ya usiku wa mvua, isiyo na mtazamaji, ambayo asubuhi yake huandikwa mstari mmoja tu katika kitabu. Mstari ule ukiwa wa kweli, wako watakaolala salama kwa ajili yake bila kumjua aliyeuandika. Hivyo ndivyo ulivyorudishwa mto Elwha: mstari kwa mstari, majira kwa majira.