Nyufa Baada ya Kuitengeneza Nyumba

Leo tuache shamba kidogo, tuingie nyumbani. Wewe wa Kilole, na wenzako wa Korogwe na Handeni, wengi mmeitengeneza upya nyumba ya miti na udongo: mmeondoa nyasi mkaezeka mabati, mkapiga lipu ya saruji ukutani. Masika yakipita, nyufa hizo! Usimlaumu fundi upesi. Kwanza tujue sababu.

Udongo hunywa maji ukavimba, nao ukikauka hunywea. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo huo. Basi viwili hivyo huachana, na lipu ukiigonga hulia kama debe tupu. Sababu ya pili ni paa. Paa la nyasi hushuka chini likaukinga ukuta. Mabati mara nyingi huishia karibu na ukuta, maji yakaumomonyoa msingi. Ya tatu ni mchwa, ambao hula nguzo ndani kwa ndani.

Je, ufa upi ni wa hatari? Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika na tarehe. Tazama tena baada ya mwezi. Ikiwa haukusonga, ziba. Ikiwa umesonga, au umekwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha na kidole kinaingia, usizibe kwanza. Tafuta maji yanakotoka, chimba mfereji wa kuyaondoa, badili nguzo iliyoliwa. Kuziba bila hayo ni kumpaka mgonjwa poda.

Namna ya kuziba ni hii. Panua ufa kwa ncha ya panga, fagia vumbi, nyunyiza maji. Ukuta wa udongo uzibe kwa udongo: changanya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, loweka siku mbili tatu, kanda kwa miguu. Shindilia, acha ukauke. Utapasuka kidogo, rudia kwa tabaka jembamba. Kwa ukuta wa matofali ya saruji, changanya saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 6, kisha umwagilie siku 7.

Sasa dari. Wengi mnaweka mahindi huko. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima juu ya watoto waliolala! Dari ikipasuka katikati, au boriti ikipinda, shusha mahindi leo hii, kisha utegemeze boriti kwa nguzo. Tena nyufa ni maficho ya dumuzi, yule mnayemwita Skania, aliyetambuliwa nchini mwetu, mkoani Tabora, mwaka 1981. Huyu hutoboa hata miti. Kabla ya kuingiza mavuno mapya, toa masalio yote ya zamani, fagia, choma takataka, ndipo uzibe kila ufa.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami naongeza: utapoteza na mahindi. Kazi njema, ndugu mkulima.