Yai la Mbwa Lipitie Jikoni

Trei ya mayai ikisafirishwa kwa pikipiki hadi dukani, mara nyingi hushushwa ikiwa na yai moja au mawili yaliyopasuka. Mteja hayataki, mwenye duka hana la kuyafanyia, na mwishowe humiminwa kwenye bakuli la mbwa, mabichi vilevile, kaka likiwamo. Mbwa hulamba bakuli mpaka likang'aa. Nia ni njema na chakula chenyewe ni bora. Kinachokosekana ni moto.

Kwa nini nasema ni chakula bora? Mbwa wengi wa Afrika Mashariki wanaishi kwa ugali. Wapo wanaodai kwamba mbwa ni mla nyama na ugali haumfai, lakini vinasaba vyake vinasema vingine. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha mbwa wa kufugwa na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, wale ambao mbwa wetu wametokana na jamii yao. Mbwa mwitu walikuwa na nakala 2 za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga. Mbwa wa kufugwa walikuwa nazo kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yamebadilisha tumbo la mbwa. Ugali anaumeng'enya vizuri tu.

Tatizo la ugali liko kwenye protini. Mahindi yana upungufu wa asidi amino mbili, laisini na triptofani, na mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea hizo. Anahitaji asidi amino 10 kutoka kwenye chakula, na yai linazo zote, tena kwa uwiano mzuri kiasi kwamba wataalamu wa lishe walilitumia kwa miaka mingi kama kipimo cha kupimia protini nyingine. Yai kubwa likitolewa kaka lina uzito wa gramu 50 hivi, na ndani yake mna gramu 6 za protini na gramu 5 za mafuta. Mbwa wa ulinzi anayekula ugali na dagaa wachache hupata faida kubwa kwenye yai hilo, pengine kuliko mbwa wa tajiri anayelishwa chakula cha mifuko kilichokwisha kupimwa kila kitu.

Sasa turudi kwenye moto. Mwaka 1927, jijini London, Margaret Boas aliwalisha panya ute wa yai uliokaushwa bila kupikwa, ukiwa ndiyo protini yao pekee. Baada ya wiki chache ngozi zao ziliharibika, manyoya yakanyonyoka na miguu ikakakamaa. Ute ukipikwa, madhara hayo hayakuonekana. Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Robert Eakin, Esmond Snell na Roger Williams wa Chuo Kikuu cha Texas waliitambua protini ya ute inayoikamata bayotini, vitamini ya kundi B inayotunza ngozi na manyoya, na kuing'ang'ania hivi kwamba utumbo hauwezi kuifyonza. Protini hiyo huitwa avidini. Molekuli moja hushika bayotini nne, na mshiko wake ni miongoni mwa mishiko yenye nguvu zaidi inayojulikana katika kemia ya viumbe.

Kuku hakuiweka humo kwa ajili ya kumkomoa mbwa. Ute ni ukuta wa boma unaomlinda kifaranga: avidini huwanyima bakteria vitamini, protini nyingine huwanyima madini ya chuma, na lisozimu, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, hupasua kuta za bakteria wenyewe. Imo pia protini inayozuia tripsini, kimeng'enya ambacho utumbo hutumia kuvunja protini. Ulinzi huo wote haubagui. Anayekula ute mbichi hukutana nao.

Kupika ndiko kunakouvunja, lakini uivishe kwelikweli. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, ilhali avidini hustahimili hadi karibu 85. Ute unaotetemeka, hata kama umeshageuka mweupe, bado unayo. Na kuna faida ya pili. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima kwa binadamu na kukuta protini ya yai lililopikwa inameng'enywa kwa asilimia 91 hivi, na ya yai bichi asilimia 51 tu. Tripsini inafanya kazi hiyohiyo kwa mbwa, kwa hiyo sioni sababu ya kumnyima moto.

Nisimtishe mfugaji bure. Mbwa mzima mwenye afya aliyelamba yai bichi mara moja hatanyonyoka manyoya, maana kiini kina bayotini nyingi. Wa kuhofia upungufu ni yule anayepewa ute mbichi siku baada ya siku. Hofu yangu kubwa ni Salmonela. Bakteria huyu anaweza kuingia ndani ya yai kabla kaka halijaumbwa, kuku akiwa na maambukizi kwenye mfumo wa uzazi, na yai lililopasuka linamfungulia mlango mwingine. Katika joto la pwani huzaliana haraka. Mbwa anaweza kumbeba bila kuugua, akamtoa kwenye kinyesi, huku watoto wakicheza uwanja uleule na kulambwa mikono. Anayelipa gharama ya yai bichi la mbwa anaweza kuwa mtoto wa miaka miwili. Mayai viza je? Yafukie. Harufu haimkirihi mbwa, lakini sumu nyingine zilizoachwa na bakteria haziondoki kwa kuchemsha.

Yai zima lichemshe dakika 10 hadi 12 tangu maji yanapotokota. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 94 au 95, hivyo ongeza dakika mbili tatu. Lililopasuka livunje sufuriani, likoroge mpaka likauke, bila chumvi wala mafuta. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali.

Kuhusu idadi: vyakula vya nyongeza visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Mbwa wa kilo 10 hutumia kama kilokalori 600, na yai lina 70 na kidogo, kwa hiyo moja linapita kiwango hicho kidogo tu na linamtosha kabisa. Wa kilo 5 apewe nusu. Ukimpa yai, punguza ugali kidogo.

Kaka nalo lina thamani yake, maana karibu lote ni kalisi kabonati. Likichemshwa, likaanikwa na kutwangwa hadi liwe unga laini, nusu kijiko cha chai kina takriban gramu 1 ya kalisi, kiasi kinachomfaa mbwa mzima wa kilo 20 anayepikiwa nyumbani bila mifupa. Watoto wa mbwa wa aina kubwa, kama German Shepherd, usiwape bila ushauri wa daktari wa mifugo. Utafiti uliofanywa Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane ulionyesha kuwa kalisi iliyozidi huharibu ukuaji wa mifupa yao.

Limebaki jambo moja ambalo moto hausaidii kitu. Mayai mengi ya nyumbani kwetu hukaangwa na vitunguu, na sahani ya chipsi mayai huja na kachumbari. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyoiva, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 10, kitunguu kimoja kikubwa kinatosha. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, kuhema, kulegea, mkojo kuwa wa kahawia au mwekundu. Ukiziona, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na umweleze waziwazi makombo aliyokula wiki hiyo.