Risasi Iliyofichika Katika Maji

Ukitupa chembe za chumvi katika moto, ndimi za moto hugeuka rangi ya manjano. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Katika miaka ya 1859 na 1860 wataalamu wawili wa mji wa Heidelberg katika Ujerumani, Bunsen na Kirchhoff, walionyesha ya kuwa kila elementi ina nuru yake yenyewe, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Tena mvuke wa elementi humeza nuru ile ile ambayo elementi huitoa. Mwaka 1955 Alan Walsh, aliyefanya kazi Australia, alieleza jinsi ya kuitumia habari hiyo katika kupima.

Njia hii ina faida kubwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, wala haibadili rangi ya maji wala ladha yake. Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi maikrogramu 10 katika lita moja. Na maikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni.

Basi, hupimwaje? Tone la maji hutiwa katika mrija mdogo wa grafiti, yaani kitu kile kilichomo ndani ya kalamu ya risasi, ambayo kwa kweli haina risasi. Mrija hutiwa moto mkali hata risasi ikawa mvuke. Nuru ya taa ya risasi hupita katikati ya mvuke, na chombo huonyesha kwa tarakimu jinsi nuru ilivyomezwa.

Lakini tarakimu peke yake haisemi neno. Kwanza mpimaji hupima maji safi yasiyo na risasi. Chukua mfano kwamba chombo kimeonyesha 0.004, hiyo huondolewa katika kila kipimo. Kisha hupima maji ambayo risasi yake yajulikana. Baada ya kuondoa 0.004, maji yenye maikrogramu 10 katika lita yametoa 0.050; yenye 20, 0.100, yenye 40, 0.200. Basi kila maikrogramu moja ni 0.005.

Sasa maji ya kisima yametoa 0.034.

0.034 − 0.004 = 0.030
0.030 ÷ 0.005 = 6

Mpimaji asiye mwangalifu atasema, "Maji haya ni salama, maana 6 ni chini ya 10." Lakini amesahau. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi nyingi iharibuyo kipimo. Kwa hiyo mililita 10 zilitiwa katika chupa, zikaongezwa maji safi hata zikatimia mililita 50. Risasi ilipunguzwa nguvu mara 5.

6 × 5 = 30

Kumbe maji yale yamepita kiasi mara tatu! Haba na haba hujaza kibaba, na risasi hukusanyika mifupani mwa mtoto vivyo hivyo. Kuzidisha mara moja kulikosahauliwa kungewanywesha watoto sumu.

Zoezi: Mililita 25 za maji ya kisima kingine ziliongezwa maji safi hata zikawa mililita 100. Chombo kilionyesha 0.014. Je, risasi imezidi kiasi kilichoshauriwa?