Kata Sukuma, Usikate Kidole: Rada ya Kisu kwa Wasee wa Bedsita

Msee, tuambiane ukweli. Sukuma ya mbao pale kwa mama mboga ni form, juu anakukatia mwenyewe, kisu ikienda kama cherehani huku anapiga story na kasto mwingine. Noma inaanza siku amefunga mapema. Uko kejani na kitunguu, nyanya mbili na kisu imeisha makali kitambo. Na kidole ikikatwa vibaya si mambo ya plasta tu. Kama wewe ni kinyozi, fundi wa simu ama unashuka mjengo, hiyo wiki doh haiingii. Kwa hivyo shika hii rada.

Kisu butu ndio hatari

Wengi huogopa kisu kali. Ni kinyume. Kisu butu haiingii ngozi ya nyanya, so unaongeza nguvu, inateleza, na ile nguvu yote inaishia kwa kidole. Jaribu hivi: weka kisu juu ya nyanya, vuta bila kukandamiza. Ikikataa kuingia, inataka kunolewa. Wale wasee wa kunoa visu hupita mtaa wanajua hiyo kazi. Huna doh? Pindua kikombe ya udongo. Ile duara ya chini yenye haing'ai inanoa fiti. Laza kisu karibu na duara, inua mgongo wake kidogo tu, vuta polepole kama mara kumi kila upande, kisha uioshe.

Tafuta kibao

Kukatia sukuma hewani, kisu ikikuja kwa gumba, waachie wenye wamefanya hiyo kazi miaka. Wewe katia kwa kibao, na chini yake weka kitambaa imeloa na kukamuliwa. Kibao haitahama tena. Magoti si meza, buda.

Mikono zikae wapi

Mkono wa kisu: gumba na kidole ya kwanza zibane chuma pale inakutana na mpini, zingine tatu zishike mpini. Usinyooshe kidole juu ya mgongo wa kisu, itayumba.

Mkono wa mboga ndio huumia sana. Kunja vidole kama makucha ya paka, ncha ziangalie ndani, gumba ijifiche nyuma. Ubavu wa kisu uguse viungo vya vidole na uteleze hapo. Bora usiinue makali kupita hivyo viungo, ncha za vidole ziko safe.

Sasa tukate

Kitu ikiviringika, kwanza itafutie upande bapa. Kitunguu, gawa mara mbili kupitia mzizi, laza upande bapa chini. Kata mistari kuelekea mzizi lakini usiufikie, juu ndio unashikilia kila kitu. Kisha kata kukingama, vipande vinaanguka vyenyewe. Kisu kali pia hupunguza machozi, kwa sababu haipondi kitunguu sana.

Karoti, toa kipande nyembamba ubavuni, ilalie hapo. Kabeji, gawa mara nne, toa kigogo. Sukuma, osha kwanza, toa vikonyo vigumu, panga majani, yakunje kama mkeka, kisha kata nyembamba. Kama ulikuwa unakata nyama mbichi, osha kibao na kisu na sabuni kabla ya kachumbari, ama tumbo itakuuliza maswali.

Sheria za keja

Kisu ikianguka, usidake. Toa miguu, acha ianguke. Usiizamishe kwa karai ya maji ya povu, mwenye ataosha vyombo haioni. Ukitembea nayo, ncha iangalie chini. Na simu? Weka kando. TikTok itakungoja.

Ukijikata

Usipanik. Osha na maji safi ya kutiririka, kisha bonyeza na kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu kuliko kifua. Usipake majani chai, dawa ya meno wala mafuta taa. Damu ikikataa kukoma, kidole ikiwa na ganzi ama ikikataa kujikunja ama kunyooka, ama kidonda ikiachama, enda hosi saa hiyo. Inaweza kuwa umekata neva ama ule mshipa wa kusongesha kidole, na hiyo plasta haisaidii. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Mwisho, usishindane na mama mboga. Kata mdogo mdogo, vipande zitoshane, ziive pamoja. Spidi itakuja yenyewe, bora vidole bado ziko kumi.