Ndege iliyowaumiza mafundi wake, na uongo wa "sikio limezoea"

Maswali yamelundikana tena kwenye safu hii. Msomaji wa Ilemela anauliza kama ndege zinazotua Mwanza zitawaziba watoto masikio. Mwingine ameambiwa kuwa ndege nyuki zilizopeleka dawa Ukerewe zilimwaga mionzi. Na mafundi wa kuchomelea, kila mwaka, wananiletea lile linalonikera kuliko yote: eti ukishafanya kazi kwenye kelele miaka kadhaa, masikio hukomaa.

Hayakomai. Ili kuwaonyesha kelele inafanya nini mwilini, naanzia mbali kidogo.

Tarehe 22 Julai 1955, kule California, kampuni ya Republic ilirusha kwa mara ya kwanza ndege ya majaribio iitwayo XF-84H. Lengo lilikuwa ndege ya kivita inayovutwa na rafadha, lile pangaboi la mbele, lakini yenye mwendo wa kukaribia jeti. Zilitengenezwa mbili tu, zikaruka mara 12 kwa jumla, na karibu kila safari iliishia kwa kutua kwa dharura. Rubani Lin Hendrix aliirusha mara moja, akakataa kuirudia. Inaelezwa kuwa ilipokuwa ikipasha injini, sauti yake ilisikika kilomita 40. Ni kama kuiwasha Mwanza mjini, watu wa Misungwi wakageuza vichwa.

Kwa nini rafadha ipige kelele kuliko jeti? Hapa naomba uvumilivu. Rafadha hiyo ilikuwa na mapanga matatu na kipenyo cha karibu meta 3.7. Ilizunguka kwa kasi ileile hata ndege ikiwa imesimama, kwa sababu rubani aliongeza nguvu kwa kugeuza pembe ya mapanga tu. Sasa, kadiri unavyotoka katikati kwenda nchani, ndivyo sehemu hiyo ya panga inavyosafiri mbali zaidi katika mzunguko mmoja. Nchani kabisa, mwendo ulifika mara 1.18 ya kasi ya sauti. Panga lililo chini ya kasi hiyo husukuma hewa, na msukumo hutangulia mbele yake ukatawanyika. Lililoipita sauti haliachi nafasi ya kutawanyika: misukumo inapandana hadi inakuwa wimbi moja la mshtuko. Jeti ikivuka kasi ya sauti, aliye chini husikia kishindo kikapita. Hapa mapanga yalitoa vishindo mfululizo, kuelekea pembeni, walikosimama wafanyakazi.

Mafundi wakapata kichefuchefu kikali na maumivu ya kichwa. Hapakuwa na jini wala sumu. Viungo vya mizani ya mwili viko ndani ya sikio la ndani, jirani na koklea, kiungo cha kusikia, na majimaji yao yameungana. Shinikizo kubwa mno la sauti linaweza kuyatikisa hayo majimaji, ubongo ukaambiwa mwili unayumba wakati macho yanaona umetulia. Matokeo yake ni kizunguzungu na kutaka kutapika.

Turudi kwa fundi aliyezoea. Jioni masikio yake yanavuma, asubuhi yamefunguka, naye anahesabu kuwa amepona. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya muda usikivu wao ulirudi ulivyokuwa, ukipimwa kwa njia ya kawaida. Lakini walipochunguza koklea kwa darubini, katika maeneo yaliyoathirika hadi nusu ya viungio kati ya seli za kusikia na neva vilikuwa vimekufa. Mwanadamu naye ana kama 15,000 tu za seli hizo za kusikia, zenye vinyweleo, katika kila sikio, na zikifa hazioti upya. Anachokiita kuzoea ni kupungua kwa vifaa vya kusikilizia.

Mwanza nayo ilionja kelele za ndege mapema. Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya London hadi Mwanza, na kutoka Khartoum safari iliendelea kwa ndege za majini aina ya Short Calcutta, zenye injini tatu zilizofungwa kati ya mabawa ya juu na ya chini. Katika ndege za enzi hizo, abiria kupewa pamba za kuziba masikio lilikuwa jambo la kawaida. Pamba ileile naiona mpaka leo kwenye masikio ya mafundi wa Mabatini. Pamba kavu inapunguza desibeli chache mno, na inampa mtu ujasiri wa kukaa kwenye hatari.

Ndege nyuki ya Ukerewe, ile ya kampuni ya DHL iliyotengenezwa na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, ilifanyiwa majaribio mwaka 2018. Ilipaa wima kama helikopta, kisha ikainamisha rafadha zake na kuruka kama ndege, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Injini zake ni za umeme, na ncha za rafadha hazikaribii kasi ya sauti. Na ile mionzi mliyoambiwa? Mawasiliano yake ni ya redio tu. Ikipita juu ya kijiji haimzibi mtu sikio.

Wanaoziba watu masikio ni hawa wanaouza matone sokoni kwa kipaza sauti. Mafuta, kitunguu saumu, dawa isiyo na lebo: vyote vinaishia kwenye ngoma ya sikio, wakati jeraha la kelele liko ndani ya mfupa wa kichwa. Ngoma ikiwa imetoboka, wanakuletea usaha juu ya ukiziwi. Ni uharibifu, na watu wanaulipia.

La kufanya ni hili. Desibeli 85 ni kikomo cha saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na dakika 15. Grainda ya chuma hupita 95 kirahisi. Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, vaa viziba masikio vya sponji au vya kufunika, au sogea: kwenye uwanja wa wazi, ukiongeza umbali mara mbili unapunguza desibeli sita. Usikivu ukikatika ghafla, nenda Bugando au hospitali yoyote yenye daktari wa masikio siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu yake yana nafasi kubwa zaidi ya kusaidia katika siku za mwanzo.